Jicho la Kapita

Miaka ishirini na sita nilikagua mabehewa ya reli hapa Kalemie, na nasema bila haya kwamba hakuna ufa ulionipita. Nilikuwa nagonga gurudumu kwa nyundo, nasikiliza, kisha nainama na taa, nafumba jicho la kulia na kutazama kwa la kushoto. Ndivyo alivyonifundisha mzee aliyenitangulia kazini. Hadi leo kila kitu cha kuangalia kwa makini nakiangalia hivyo, hata mwiba wa samaki ulioingia kidoleni.

Nilipostaafu, kina mama wa kikundi chetu cha wafuga simbilisi walinifanya mkaguzi. Simbilisi, mnyama mdogo kuliko sungura, mwenye masikio mafupi, au kobayi kama tunavyomwita huku, si mnyama wa mchezo. Anakula majani na maganda, anazaa upesi, na nyama yake inatosha sufuria siku ambayo ziwa limekataa kutoa samaki. Nikawajua kama nilivyoyajua mabehewa. Najua kwamba mtoto wa kobayi huzaliwa macho wazi. Najua kwamba anaona huku na huku, karibu mpaka mgongoni, lakini kilicho mbele ya pua yake hakioni, hukipata kwa kunusa. Najua pia kwamba jicho lake hutoa maji meupe kama maziwa, akajipaka usoni kwa mikono na kunawa, na wala si ugonjwa. Mama mgeni akija mbio kusema mnyama wake anapofuka, mimi hucheka mpaka anune.

Lakini kuna weupe mwingine. Miaka miwili iliyopita macho ya kobayi yalianza kutoa usaha kwenye nyumba moja, na kabla hatujajua la kufanya tulikuwa tumepoteza zaidi ya sitini. Hapo ndipo nilipotunga kanuni, na kikundi kizima kikaipokea: jicho likiingia weupe usiofutika, mnyama huyo na wote wa chumba kimoja wachinjwe siku ile ile kabla jua halijazama, na kichwa cha kwanza kiwekwe ili mkaguzi akione. Kichwa ni ushahidi. Bila kichwa watu wangemficha mgonjwa kwa shemeji.

Sasa, Kapita. Huyo alikuwa dume mwekundu mwenye kola nyeupe, aliyeletwa kwa mashua kutoka Moba ndani ya kikapu cha mihogo. Kobayi wetu wote walikuwa wameshakuwa ndugu, wanazaa watoto wadogo wasiokua, na Kapita alikuwa damu mpya pekee tuliyokuwa nayo. Alihama nyumba kwa nyumba kwa zamu. Mama Bertille, mjane mpole anayekaa Lubuye, alikuwa amengoja zamu yake karibu miaka miwili. Alikuwa na majike watano, na Kapita alikuwa kwake mwezi wa pili.

Kasoro ya Mama Bertille ilikuwa moja: alifugia jikoni, karibu na mafiga. Wengine wote wana vibanda uani. Nilimwambia mara tatu kwamba moshi unaharibu macho. Kila mara aliitikia, ndiyo Papa Léon, na kila mara nilipopita niliwakuta kobayi wamejikunja palepale jivuni. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Asubuhi ile nilipoingia jikoni kwake nilikuwa nimeshakasirika kabla ya kuinama.

Mle jikoni mlikuwa na giza. Nilimshika Kapita, nikawasha tochi, nikafumba jicho la kulia. Juu ya jicho lake jeusi palikuwa na ukungu. Nilifuta kwa pamba na maji ya chumvi, ukungu ukabaki. Nikatazama jicho la pili, ukungu. Nikamwambia Mama Bertille kwamba nilimwonya, kwamba ukaidi wake umetuponza wote, na kwamba kanuni anaijua. Nilisema zaidi ya hapo pia, na sauti yangu ilifika kwa majirani. Yeye aliuliza tu kama nina hakika. Nilimjibu kwamba nilikagua magurudumu yeye akiwa bado hajazaliwa.

Nilirudi nyumbani Kataki lakini sikuweza kukaa. Huguette, mke wangu, aliniwekea bukari, yaani ugali, na mboga. Nikala matonge mawili nikasimama. Nilikwenda hadi mlangoni, nikarudi. Je, kama nimebeba ugonjwa mikononi? Nilinawa kwa sabuni mara mbili, nikaingia kwenye stoo ninakofugia wangu tisa, stoo isiyo na dirisha. Nikawasha tochi, nikamshika wa kwanza. Ukungu. Wa pili, ukungu. Wote tisa walikuwa na ukungu.

Juzi tu walikuwa wazima. Siku hiyo niliwatazama nje juani, macho yangu yote mawili yakiwa wazi, wakitafuna majani ya viazi. Ugonjwa gani unaopiga nyumba mbili kwa siku moja? Nilitafuta kisu. Nikakiweka. Nikakichukua tena. Kuku aliyekuwa akiatamia kwenye kona alinikodolea macho, nami nikammulika kwa hasira tu. Hata kuku alikuwa na ukungu.

Nikamwita Huguette. Akaja akifuta mikono, na kabla hajauliza kitu nilimshika kidevu nikamulika jicho lake. Mwanamke huyu nimeishi naye miaka thelathini na minne. Macho yake nayajua. Yalikuwa na ukungu uleule.

Hakushtuka. Alinitazama mimi, akatazama kisu kilichokuwa juu ya gunia.

"Na mie utanichinja?" aliuliza.

Nilimweleza, maneno yakigongana. Alisikiliza, akanyoosha mkono wake wenye harufu ya vitunguu, akaniziba jicho la kushoto. "Angalia na la kuume," akasema. Nikatazama. Huguette alikuwa mbele yangu, safi, na kila kunyanzi la shavu lake. Akahamisha mkono, akaniziba la kulia. Ukungu ukarudi.

"Nyani haoni kundule," akasema, lakini bila kucheka.

Sikumbuki kama nilivaa viatu. Nakumbuka pikipiki, na dereva niliyemtukana kwa sababu alipunguza mwendo darajani Lukuga kupisha lori. Jua lilikuwa bado juu. Nilijiambia Mama Bertille ni mtu wa polepole, wa kuanza kazi jioni. Nilijiambia pengine amekaidi, kama alivyokaidi mambo ya jiko. Sijawahi kuomba mtu awe mkaidi kama nilivyoomba siku ile.

Nilimkuta uani, ameinama juu ya beseni. Majike watano walikuwa chini ya kikapu, juu yake ameweka jiwe. Kando ya beseni, juu ya jani la mgomba, palikuwa na kichwa chenye kola nyeupe iliyolowa damu. Kanuni inasema cha kwanza kiwekwe. Alikiweka vizuri, uso ukielekea njia ninayopitia.

Nikapiga magoti. Nilikishika, nikakigeuza juani, nikafumba jicho la kushoto. Jicho la Kapita lilikuwa jeusi, safi, linang'aa kama shanga. Nilibaki nimekishika. Nilitaka kulia na nilitaka mtu anipige.

"Mama Bertille," nikasema, "jicho mubaya njo langu."

Aliacha kisu ndani ya beseni. Nilimweleza yote: stoo, kuku, Huguette. Akaosha mikono, akirudia vidole ambavyo ameshaviosha.

"Mie nililiona liko muzuri," akasema mwishowe. "Kila asubui nilikuwa naliangalia. Lakini weye njo mukaguzi. Nikasema, labda Papa Léon anaona kitu mie sioni."

Hapo ndipo aibu iliponishika barabara. Angenitukana ningepata la kujibu. Nilisimama, nikatoa tochi mfukoni, nikamnyooshea. Nilimwambia kuanzia leo akague yeye, na kwamba Jumapili nitasimama mbele ya kikundi kizima niseme ni nani aliyemuua Kapita.

Aliipokea. Nilidhani ataiweka mfukoni mwa aproni yake. Badala yake alinisogelea, akanishika kidevu, akaweka kidole gumba chini ya kope langu la kushoto na kulivuta chini, vilevile nilivyowafundisha wote kumshika kobayi. Kidole kilinuka sabuni na damu. Akawasha tochi.

"Usitikisike, Papa."

Sikutikisika. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtazama mnyama yeyote. Nikasikia pumzi yake, na mwanga ule mweupe ukajaa kila mahali.

"Iko nyeupe," akasema. "Sana." Akazima tochi. "Kobayi tulimuchinja. Weye, kesho asubui nakupeleka ku munganga wa macho."

Chini ya kikapu majike walianza kupiga kelele, wakidai majani. Ilikuwa saa yao ya kula. Mama Bertille akaenda kuliondoa jiwe.