Kahawa Iliyoelea

Twahir, mnunuzi kutoka mjini, alimwaga debe la kahawa mbivu kwenye tanki la maji. Zote zikaelea. Akamwaga la pili. Nalo vilevile.

"Elisaria, ndugu yangu, haya ni maganda matupu. Huna nyingine?"

Elisaria akachungulia tankini. Yeye ndiye mkurugenzi wa kampuni ile ndogo ya kumenya kahawa, huku juu ya Olmotonyi, na mnunuzi ni huyo huyo mmoja. Akikataa leo, basi tena, mtambo unafungwa.

"Nisubiri mpaka saa sita," akasema.

Akashika njia kwenda kwa bibi Hanna, mkulima wake wa zamani. Jua lilimpiga utosini, pa kujificha hapana. Miaka mitatu nyuma aliwaamuru wakulima wake wakate miringaringa, ile miti mikubwa ya kivuli, ili kahawa ipate jua izae maradufu. Na mwaka wa kwanza ilizaa kweli, akapigiwa vigelegele. Halafu mvua ikagoma misimu miwili mfululizo, kahawa ikabaki na jua lake.

Hanna peke yake alikataa kukata. Elisaria akamfukuza kwenye kampuni mbele ya mkutano mzima. "Ajuza huyu kaolewa na mti!" alisema, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa akachuma jani la isale mpakani mwa shamba, lile la kuombea msamaha, ambalo kwetu halikataliwi. Akaingia uani nalo mkononi, kichwa chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumsalimia mume wangu?" Hanna akaonyesha mringaringa kwa kidevu.

Elisaria akapiga magoti, akamnyooshea jani. Hanna akalipokea.

"Nimekusamehe, baba. Inuka, unachafua suruali ya ofisi."

Elisaria akamweleza habari za mnunuzi, naye akampa debe moja la kahawa aliyoichuma asubuhi ile ile.

Elisaria alilibeba begani, mbio, jasho likimwingia machoni. Wakulima walikuwa wamesimama foleni kando ya tanki na madebe yao. Twahir akamwaga. Kahawa ikazama yote, chubwi, kama kokoto.

"Ehe! Hizi ndizo! Una wakulima wangapi wa namna hii?"

Uongo ulimfika Elisaria mdomoni. Akawatazama watu wake, akashindwa kuutoa.

"Mmoja."

"Mmoja tu? Nani huyo?"

"Yule niliyemfukuza, aliyekataa kukata miti ya kivuli."

Twahir akafunga daftari lake taratibu, kama anayefunga mlango wa nyumba ya msiba.

"Na mti wa kivuli unakua miaka mingapi?"

Solomoni, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akainua debe lake, akatembea mpaka kwenye migomba, akaimwaga kahawa yote shinani kama samadi. Hakumtazama mkurugenzi. Wa pili akamfuata, na wa tatu.

Elisaria akabaki ameshika ukingo wa tanki.