Koti la Siku ya Tatu

Bi Sindano alikuwa na msemo wake, na kila mteja aliyeingia dukani aliusikia apende asipende: mshono wake hauachii. Nguo itapauka, itachakaa, itageuka tambara la kupigia deki, lakini mshono utabaki palepale. Basi binti yake alipopata nafasi ya kushindana ng'ambo katika mashindano makubwa ya farasi, koti hakulitafuta kwingine. Binti huyo alikuwa kitinda mimba, na nyumbani walimwita Kifungo tangu siku alipomeza kimoja cha shati la baba yake. Alimpigia mama simu, akamtajia vipimo, kisha akasisitiza jambo moja: aache nafasi ya vidole vinne kila ubavu, maana ndani atavaa kizibao.

Vidole vinne! Bi Sindano alicheka peke yake. Yaani mwanawe akatazamwe na dunia nzima amevaa gunia? Kizibao alidhani ni cha baridi tu. Akalibana koti mpaka kiuno kikaonekana, akalipiga mshono mara mbili kwa uzi wa kushonea turubai, akalituma. Kifungo alijibu kwamba limemkaa vizuri, na mama mtu akavimba kichwa wiki nzima.

Mashindano yenyewe ni ya siku tatu, farasi yuleyule na mpandaji yuleyule. Siku ya kwanza farasi hutembezwa kwa madaha mbele ya waamuzi. Ya pili hukimbizwa porini, akiruka magogo na madimbwi. Siku hiyo Bi Sindano aliimaliza nyuma ya pazia la kujaribia nguo, macho kayafumba, wifi yake akimsimulia yanayotokea kwenye simu. Kifungo alitoka salama, tena akiwa wa tatu. Leo ilibaki siku ya mwisho, ya kuruka viunzi uwanjani, ambayo ndiyo siku ya koti, na Bi Sindano aliapa kuitazama kwa macho yake mawili.

Wifi yake akaegemeza simu kwenye cherehani, wakavuta viti. Akaingia kijana wa nchi nyingine. Kwenye kiunzi cha nne farasi wake aligoma ghafla, na kijana akaruka peke yake. Kabla hajagusa chini koti lake lilifura, mabega yakampanda hadi masikioni. Bi Sindano alishika kifua, akauliza yule mtoto wa watu kapatwa na nini.

"Kizibao cha hewa hicho, wifi," mwenzake akasema, wala hakushtuka. "Kamba yake imefungwa kwenye tandiko. Ukianguka inachomoka, kinajaa, kinakukinga mbavu. Ndiyo maana makoti yao ni mapana."

"Na koti likiwa limebana?"

Wifi yake akafikiri. "Hiyo hewa si itakosa pa kwenda? Itakukaba wewe mwenyewe. Kwani vipi?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakutuambia nani huvunjika mkuu asiposikia la mdogo. Bi Sindano akachukua simu yake, akampigia Kifungo. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na huku akipiga akamwona Kifungo kwenye kioo cha simu ile nyingine, anaingia uwanjani, kiuno chembamba, mabega yamenyooka. Lilikuwa koti zuri kuliko yote ya siku ile, na aliyelishona alilichukia kama adui.

Wifi akalisifu. Bi Sindano akamwambia anyamaze.

Farasi aliruka kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kila kwato ziliponyanyuka mama naye alinyanyuka kitini. Vilibaki viwili tu. Mguu wa mbele ukagonga kiunzi, farasi akatua vibaya, akapiga magoti, na Kifungo akapita juu ya shingo yake. Safari hii Bi Sindano hakufumba macho. Alilitazama koti likipasuka ubavu huu na ubavu ule, kutoka kwapani hadi kwenye pindo, na kizibao cheupe kikitokeza nje.

Kifungo akalala. Halafu akakaa. Halafu akasimama, akaanza kumtafuta farasi wake.

"Wifi," mwenzake akasema taratibu, kwa kumwonea haya, "mshono wako umeachia."

Bi Sindano alikuwa sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja. Nafasi ya tatu ilikuwa imepotea na hakuna aliyeikumbuka. Machozi yalipokauka ndipo akashangaa upya. Uzi wa turubai, mara mbili, uachie kirahisi hivyo? Aliujua mkono wake.

Jioni binti akapiga simu. Mama akaanza kuungama kuhusu koti.

"Najua, Mama. Nililifumua siku lilipofika, nikalishikiza kwa bandi tu, ili liachie kizibao kikijaa."

"Uliniambia limekukaa vizuri."

"Nilijua hutaacha vidole vinne." Kifungo alisema bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Hujawahi kuniachia hata kimoja."

Bi Sindano akamuuliza kama mbavu zinauma.