Vijumba vya Uwanja wa Msikiti

Pontien, mkaguzi wa majengo, alifika kwenye uwanja wa msikiti mtaani Bwiza Ijumaa moja, akakunja suruali isiguse tope, akatoa futi yake na kuanza kupima nyumba ya Epiphanie. Hakubisha hodi. Alikanyaga kizingiti na kiatu chake, akasoma futi, akacheka peke yake.

"Hii si nyumba," alisema. "Kabati yangu ya nguo kule Kigobe inaishinda."

Kaltum, muuza vitenge, alimsikia, akasogea. Uwanja ule aliutoa wakfu marehemu baba yake, na ni yeye Kaltum aliyewaruhusu watu waliokimbia mapigano mtaani Kamenge, mwaka ule wa 1995, kujenga vijumba vyao vya mbao na mabati kando ya ukuta wa msikiti. Hakumuuliza mtu dini yake. Epiphanie, Mkatoliki, aliishi humo na baba mkwe wake, mzee Térence, ambaye miguu ilikuwa imekwisha nguvu.

"Sheria ya jiji haitaki nyumba ndogo namna hii kwenye ardhi ya ibada," Pontien akasema. "Kubwa, sawa."

Akaelekeza kidevu kwenye ghorofa la Hamood, kaka yake Kaltum na mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Lilisimama juu ya wakfu uleule, na varanda yake na tangi lake la maji. Hamood alikuwa varandani anakunywa kahawa. Alimpungia Pontien mkono, kama mtu anavyompungia aliyemtuma sokoni.

"Hapa ni pa ibada, madamu," Pontien akamwambia Kaltum. "Kitu kisichofanya ibada kitoke."

Muadhini akaadhini. Vijumba vikatoka ukutani, vikajipanga safu, vikaelekea kaskazini, upande wa Kibla. Imamu aliporukuu, navyo vikarukuu. Aliposujudu, vikasujudu, mabati yakagusa tope. Epiphanie alitoka mbio na sufuria ya maharagwe mikononi.

"Mama Kaltum, nyumba yangu imesilimu bila kuniuliza!"

"Iache. We sali rozari yako."

Mzee Térence, aliyekuwa ndani ameshikilia kitanda, alisema rakaa ya pili ilikuwa nafuu kidogo kuliko ya kwanza.

Pontien alisubiri swala iishe. Ofisini kwake alishaona makubwa kuliko hayo: mtaa mzima uliochomwa moto ukiitwa kiwanja kitupu, na watu wazima wakiupigia muhuri bila kupepesa jicho.

"Umeona," Kaltum akamwambia. "Zinafanya ibada. Zinabaki."

Pontien akafikiri, na kufikiri kulimpendeza. "Kama ni hivyo, hizi ni nyumba za ibada. Na mutu apana kulala ndani ya nyumba ya ibada."

"Si nyumba za ibada, we! Zenyewe ndizo zinazoswali. Ni waumini."

"Ah, vizuri. Muumini akimaliza kuswali anarudi kwake. Swala ya mwisho ikiisha, zitoke."

"Zirudi wapi? Kwao ni hapa."

"Mi nashughulika na uwanja tu. Kule inje si kazi yangu."

Baada ya Isha kulikuwa na amri ya kutotoka nje, na askari wa doria hawakuwa na desturi ya kuuliza mara mbili. Kaltum akapanda ngazi za kaka yake.

"Hamood, ongea na huyu mtu wako. Watapigwa risasi."

"Dada, sheria ni sheria. Na yale mabanzi yanaharibu sura ya wakfu wa baba."

"Na yako? Mbona haijawahi kuinama hata mara moja?"

"Yangu ina kibali," Hamood akasema, akampa kahawa. Kaltum aliimwaga palepale juu ya sakafu iliyong'arishwa, akashuka.

Isha ilipokwisha, vijumba vilitoa salamu kulia na kushoto, vikatoka getini kimoja kimoja, bila kusukumana. Watu walifuata na magodoro kichwani. Epiphanie alikwenda akigonga ukuta wa kijumba chake kwa kiganja, "Rudi, we, rudi," lakini kilikuwa kigeni katika dini na kilifuata kila kilichoambiwa. Mzee Térence alibaki ndani kwa sababu ya miguu. Aliomba tu mlango uachwe wazi apate hewa.

Kwenye kona askari wakapiga kelele: simama, mikono juu. Kijumba cha Epiphanie kikasimama. Mikono hakikuwa nayo. Wakakipiga risasi.

Asubuhi Kaltum alileta bafta nyeupe kutoka dukani. Mbao zikaoshwa, zikavishwa sanda, zikaswaliwa jeneza na kuzikwa na Waislamu. Térence alizikwa na padri. Epiphanie alikuwa hana mwili wa kuwa kwenye mazishi yote mawili kwa wakati mmoja, akaenda kwa mzee, kisha akahamia stoo ya Kaltum, katikati ya majora ya vitenge.

Pontien aliwaripotia wakubwa wake kwamba jengo moja dogo lilivunja amri ya kutotoka nje. Walimsifu kwa ufupi wake.

"Na mzee Térence?" Kaltum akamuuliza. "Mbona humutaji?"

"Yeye hakuwa jengo, madamu," Pontien akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto.

Ijumaa iliyofuata vijumba vilivyobaki vilirudi kuswali. Imamu akasema zibeni mapengo, kama anavyosema kila mara, navyo vikasogeleana, bati kwa bati, hadi mahali pa kile kilichokufa pakaisha. Mwisho wa safu pakabaki nafasi tupu. Pontien akaipima, akamwambia Hamood inatosha gereji.

Kibali kilitoka kabla ya Alasiri.