Tishu kwa Mkono Mmoja

Mume wangu ni fundi wa majokofu, na mafundi wana ugonjwa mmoja: wakishashika drili, hawaulizi mtu swali. Alipokileta kile kishikizo cha tishu nyumbani, kimelala ndani ya boksi lenye kidirisha cha plastiki, alikiweka mezani kama mtu aliyeleta posa. Kilikuwa cha chuma kinachong'aa mpaka unaona meno yako ndani yake. Nikakisifu. Kilikuwa kizuri kweli, na mimi sina tabia ya kukinyima kitu haki yake.

Kilikuwa kwa ajili ya baba yake. Baba mkwe wangu alinyoa vichwa vya watu tangu ujana wake hadi kiharusi kilipomkuta kazini, mashine ikiwa mkononi. Mguu wa kulia ulirudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi; ulikaa mapajani mwake kama mgeni asiyejua aondoke saa ngapi. Alikuwa akiishi peke yake tangu mama mkwe atutoke, kwa hiyo tulimchukua akae nasi, katika chumba kilicho karibu na choo.

Choo ndicho kilichotushinda. Maji yanataka mikono miwili, mmoja wa kopo na mmoja wa kazi, hivyo tishu ndiyo ilikuwa tegemeo lake. Na tishu yetu tulikuwa tunaiweka juu ya tangi la maji, nyuma ya mgongo wa anayekaa. Mwenye mikono miwili hugeuka akaichukua bila hata kujua kwamba amegeuka. Baba akigeuka, inadondoka, inabingirika hadi mlangoni, naye anabaki palepale amekaa. Inambidi amwite mwanawe. Alikuwa anaita kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba radhi, na mume wangu anakimbia. Komeo la mlango alishaling'oa ili asije akachelewa. Yakiisha, wanatoka wote wawili hawatazamani, na mimi naikanyaga cherehani kwa nguvu kusudi wajue sijasikia kitu.

Ndivyo nyumba yetu ilivyo. Sote tuna adabu mpaka inatudhuru. Mume wangu hawezi kumuuliza baba yake unakaaje, unafikisha wapi mkono, kinachokushinda ni nini. Baba hawezi kumwambia mwanawe. Na mimi ni mkwe. Mkwe na mambo ya chooni ya baba mkwe, wapi na wapi?

Basi mume wangu akatoboa ukuta bila kumuuliza mwenye shida. Alikifunga kishikizo upande wa kushoto, upande wa mkono mzima, na hapo akajiona amemaliza akili zote. Akakipandisha juu kidogo, kiwe usawa mmoja na chuma cha kutundikia taulo, maana alitaka vifuatane.

"Tazama huo mstari," aliniambia, amefumba jicho moja.

Mstari ulikuwa umenyooka, siwezi kusema uongo. Baba akaitwa, akaja na mkongojo wake, akatazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki. Kizuri sana."

Toka siku hiyo hakuita tena. Mume wangu akawa anatembea kifua mbele. Mimi niliona jambo jingine: mzee anaacha chakula nusu sahani, chai anainywa mafunda mawili matatu kisha anasema imemtosha. Nikadhani ni upishi wangu, nikanuna kimoyomoyo. Halafu dawa ya meno ikawa inaisha ovyo, nikamgombeza mume wangu kwamba anapiga mswaki kama anayepaka rangi nyumba. Akaapa si yeye. Sikumwamini.

Jioni moja tukiwa mezani, Baba akasafisha koo.

"Nimefikiri," alisema. "Jumamosi mniitie gari nirudi kwangu. Nyumba ikikosa mtu, mchwa wanaihamia."

Mume wangu aliacha kijiko sahanini. "Utakaa na nani, Baba?"

"Na kuta zangu. Tunajuana."

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu," alisema, akaangalia dirishani.

Kwake kule mlangoni kuna ngazi, na jirani wa karibu ana masikio mazito. Akianguka asubuhi ataokotwa jioni, kama ataokotwa. Sote watatu pale mezani tulilijua hilo, yeye kuliko sisi, na bado alitaka kwenda. Nilikasirika. Niliona ni ukaidi wa uzee, kwamba tunambeba mgongoni naye anachezesha miguu.

Kesho yake asubuhi mume wangu alikuwa kazini, na Baba amekaa barazani anaota jua. Niliingia chooni, nikavuta tishu, na kishikizo kizima kikaniangukia mapajani pamoja na kipande cha kigae. Kilikuwa kinanukia mnanaa. Nikakisogeza puani. Dawa ya meno.

Nikageuka kuyatazama matundu ukutani. Yalikuwa yamejazwa dawa ya meno na kusawazishwa kwa ncha ya kidole, pembe zake zimefutwa safi, kazi ya mtu aliyezoea kumalizia nywele za watu nyuma ya shingo. Nikaelewa. Mzee alikishika ili ainuke, kikang'oka, naye akakirudisha kwa mkono wake mmoja asije akamuaibisha aliyekifunga. Tena si mara moja. Kila kilipong'oka alikirudisha. Mimi ni mtu wa hasira kwanza na huruma baadaye, lakini siku hiyo huruma iliwahi.

Nilichofanya baadaye sikukifikiria sana. Nilitoka nikachukua utepe mrefu wa kitambaa kwenye mabaki ya sare ninazoshona, nikarudi, nikajifunga mkono wa kulia kifuani. Nikakibandika kishikizo mahali pake, nikafunika choo, nikakaa juu ya mfuniko na nguo zangu zote. Kisha nikanyoosha mkono wa kushoto.

Kwanza, hakifikiki. Kiko juu, tena nyuma ya bega, na ukijipinda kukitafuta, kiuno kinateleza. Nikakifikia kwa shida, nikavuta. Tishu ikazunguka, ikazunguka, ikamwagika miguuni bila kukatika. Mkono wa kuibana ili ukate ndio uliofungwa. Nikataka kuinuka niiokote, nikatafuta pa kushika, na ukutani hapakuwa na kitu kingine ila hichohicho kishikizo. Kikanifuata tena.

Hapo mlango ukafunguka. Baba alisimama kizingitini na mkongojo wake.

"Samahani, mama," akaanza kurudi nyuma. Kisha akauona mkono wangu uliofungwa, na tishu iliyotapakaa sakafuni, na lile lichuma mapajani. Hakuondoka.

"Umeumia?" aliuliza.

"Hapana, Baba. Najaribu."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni kisicho na sauti, ambacho sikuwahi kukiona tangu aje kwetu.

"Haikatiki hiyo," alisema alipopata pumzi. "Itakufuata mpaka sebuleni."

"Wewe unafanyaje?"

"Naichana kwa meno nikiwa chumbani, natia mfukoni, ndipo naenda. Siku nyingine inatosha." Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Siku nyingine haitoshi. Ndiyo maana nakula kidogo."

Nilitazama sakafu. "Na hiki? Kwa nini hukumwambia kimeng'oka?"

"Mwanangu alikifunga kwa mapenzi. Nikimwambia, atakuja kunishika kiuno kila ninapoinuka." Akaegemea mlango. "Watu husema kinyozi hajinyoi. Sawa, nakubali, aninyoe. Lakini mama, mimi sijasikia methali inayosema na haya mengine mtu afanyiwe."

Nilitaka kumwambia wewe kwetu si mzigo, maneno ambayo watu wote husema. Yangekuwa ya kweli, na yasingemsaidia kitu. Nikajifungua mkono, nikaokota tishu, nikampisha.

"Keti hapa, Baba," nilisema. "Hivyohivyo na nguo zako. Nataka kukupima."

Kupima ndiyo kazi yangu. Mteja akisimama mbele yangu sitazami anavyopendeza, natazama kiungo kinafika wapi. Nikachukua chaki yangu ya kushonea. Baba akaketi, uso umemwiva kwa haya, na mimi sikujifanya sioni. Nikamwambia anyooshe mkono wa kushoto bila kuinama. Ulitua mbele sana, mbele ya goti, chini, mahali ambapo mume wangu asingepafikiria hata angepewa mwaka mzima. Nikachora msalaba.

"Sasa inuka. Usinionee aibu, inuka unavyoinuka."

Akabandika kiganja ukutani, akajisukuma, akatetemeka, akasimama. Nikachora msalaba wa pili pale kiganja kilipobana.

"Huku kwa kujishikia," nilisema. "Huku kwa tishu. Umesikia? Chuma hiki na kile visichanganywe tena."

"Nimesikia, fundi," alisema Baba.

Duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwetu ni la bwana mmoja tunayemwita Hairudishwi, kwa sababu ya maandishi makubwa juu ya kichwa chake: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilimwambia anitolee vishikizo vyote alivyonavyo, na mkono wangu wa kulia nikautia mfukoni.

"Mama, mkono vipi?" aliuliza.

"Mzima. Nachagua."

Alinitolea cha rangi ya dhahabu. Nikavuta kwa mkono wa kushoto, tishu ikakimbia. Alinitolea chenye kibao cha kuwekea simu. Ikakimbia. Kingine kilikuwa na kijiti chenye springi, ambacho kukitia tu kunahitaji mikono miwili na maombi.

"Unanimalizia tishu ya maonyesho," alilalamika.

"Na kile kule pembeni?"

"Kile cha maofisini. Hakina urembo, hakinunuliwi."

Kilikuwa na mkono uliopinda, wazi upande mmoja, tishu unaivalisha kama bangili. Juu yake kulikuwa na kifuniko kizito cha bati. Nikavuta, kifuniko kikailalia tishu, nikainua kiganja kidogo tu, ikakatika mahali nilipotaka. Nikakata tena, kwa raha yangu. Hairudishwi akanitazama kama anayefikiria kumwita mume wangu. Nikanunua hicho, na chuma cha kujishikia kinene kama mpini wa jembe, na skrubu ndefu kuliko zote alizonazo.

Mume wangu aliporudi nilikiweka mezani kile kishikizo chake, na dawa ya meno imekauka nyuma yake. Alikigeuza. Hakuhitaji maelezo mengi. Nilimwambia machache yaliyobaki.

"Alinibariki," alisema. "Alisimama pale akanibariki."

"Alikubariki kweli. Hakukudanganya."

"Mimi ni mwanawe. Nani wa kumsaidia kama si mimi?"

"Msaidie kwa drili," nilimwambia. "Safari hii uliza kwanza."

Tukamwekea Baba kiti cha plastiki mlangoni mwa choo, akaongoza kazi. Mume wangu alipoiona misalaba ya chaki akakuna kichwa.

"Baba, huku chini kitaonekana vibaya."

"Atakitazama nani? Mimi nitakuwa nimekipa ubavu."

Drili ikalia, vumbi la kigae likatupaka wote watatu. Chuma cha kujishikia kilipokaza, Baba akamwambia mwanawe akining'inie. Akaning'inia kwa uzito wake wote na tumbo lake, miguu imekunjwa. Hakikutikisika. Baba akaitia tishu mwenyewe kwa mkono mmoja, akaipigapiga kama kichwa cha mtoto aliyekwisha kunyolewa.

"Haya, tokeni," alisema.

Tukatoka. Mlango ukafungwa. Tulisimama ukumbini, mume wangu drili mkononi, na niliona mguu wake mmoja umetangulia mbele tayari kukimbia. Nikamshika mkono. Tulisikia kifuniko cha bati kikigonga mara moja, tishu ikikatika. Pakawa kimya kirefu, kisha pumzi ya mtu anayejiinua, kisha maji yakishuka kwa kishindo. Hakuna aliyeitwa.

Baba alitoka taratibu, mkono umelowa maji.

"Lile gari la Jumamosi," alisema.

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Baba. Litakuja."

"Lije. Liende tupu, lirudi na kitanda changu. Hiki chenu kinaniumiza mgongo."

Akapita katikati yetu kwenda chumbani kwake. Mume wangu akachuchumaa palepale, akalia bila kujificha. Mimi nikashika ufagio nikaanza kufagia vumbi, maana na mimi machozi yalikuwa yananitoka, na nilitaka yanitoke nikiwa nimeinama.