Uani wa Somoe

Siwema alitandaza karatasi yake juu ya meza, akaniambia, "Baba, nielekeze nyumba yetu ya zamani niichore."

"Waulize walioibomoa."

Binti yangu anasoma jiografia chuo kikuu. Mipango miji na mikoa ameichukua kama somo la pembeni, na mwalimu wao amewataka kila mmoja apange upya mtaa mmoja wa Kariakoo. Yeye kachagua wetu. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini watu wa mipango nawajua. Ndio waliogonga muhuri ghorofa hili lisimame juu ya nyumba yetu, nasi tukatupiwa vyumba viwili huku ghorofa ya nne.

"Kwa hiyo umejiunga nao."

"Baba naye! Nimejiunga na somo, si chama." Akacheka. "Usiponisaidia, nitachora maduka matupu kama wao."

Hilo likanichoma. Nikasogeza kiti.

Nikaanzia barazani, jirani yetu mzee Azzan alipokuwa akicheza bao na kunidhulumu kete. Nikamwingiza Siwema ukumbini, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Halafu uani. Pale marehemu mke wangu Somoe, mama yake Siwema, alikuwa akikuna nazi huku anagombana na mpangaji wetu Khairunnisa kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na jioni wanapakuliana mchuzi. Asubuhi harufu ya vitumbua vya Somoe ndiyo iliyotuamsha.

Siwema alichora haraka. Alipofika uani akasita. "Mwalimu anasema uani ni ardhi inayolala bure. Bora duka."

"Mama yako tulimwoshea wapi?"

Akainua uso. Alikuwa mdogo wakati ule. "Magomeni, kwa mama mkubwa."

"Kwa nini Magomeni?"

 Nikamwambia: hapa hapakuwa na pa kumwoshea. Lifti mbovu, tukamshusha kwa ngazi, kaviringishwa mkekani kama mzigo wa dukani, wateja wakitupisha na mifuko yao. Majirani waliomtangulia walioshewa uani kwetu, na mchemsha maji alikuwa yeye Somoe. Zamu yake ilipofika, akakosa.

Siwema akafuta duka aliloanza kulichora. Akashika rula.

"Mlango wa uani ulikuwa na upana gani, baba?"

"Wa kupitisha jeneza na watu wawili sambamba."

Akapima, akaupanua kidogo.