Ruhusa ya Kuona Kabati

Karani wa vizazi hakuwa na kiti chenye mikono. Hakuwa na ufunguo wa choo cha wakubwa, wala feni upande wake wa chumba, wala mtu wa kumshikia nafasi akiumwa. Hakuwa na shahada. Cheti alichokuwa nacho alikipata katika madarasa ya jioni, akiwa tayari na wajukuu wawili, na alikitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Na tangu Jumatatu saa tatu asubuhi, hakuwa na ruhusa ya kuona kabati la vizazi.

Kabati lenyewe lilikuwa palepale lilipokuwa kwa miaka kumi na tisa, nyuma ya meza yake, la chuma, refu kumzidi kimo. Alijua lipo kwa sababu alilipiga goti mara mbili kabla ya chai.

Mambo yalianzia kwenye seva. Ofisi ile ya uandikishaji ilikuwa na matawi sita, na yote sita yalifanya kazi ndani ya kompyuta moja kubwa iliyokaa makao makuu. Karani mezani kwake alikuwa na skrini, kibodi na kipanya tu. Akiandika jina la mtoto hapa, linaandikika kule. Ilikuwa kama watu arobaini na mmoja wanaopika katika jiko moja, kila mmoja akiwa amesimama nyumbani kwake.

Mpango ule ulikwenda vizuri, isipokuwa kwa Shemeji. Huyu alikuwa kaka wa mke wa Mkurugenzi, na ofisi nzima ilimwita Shemeji, hata wale ambao hawajaoa. Kazi yake iliitwa usimamizi. Kila siku saa nne, kabla ya kwenda kunywa chai, alibonyeza Zima, akidhani anazima kompyuta ya mezani kwake kama mtu mwangalifu. Alichokizima kilikuwa seva. Matawi sita yaliingia giza, na makarani arobaini wakabaki wakitazama nyuso zao kwenye vioo vyeusi. Kisha mwezi uliopita akafuta kumbukumbu za vizazi za miaka miwili, ili apate nafasi ya kuweka video za harusi yake.

Mkurugenzi alikasirika, akaagiza watumiaji wabanwe. Fundi wa seva, mwanamke mtaratibu ambaye hakupenda kurudia kazi, aliuliza kama aanze na Shemeji.

"Shemeji ni mtu wa nyumbani," alisema Mkurugenzi. "Bana wengine."

Fundi akawabana wengine. Aliwaondolea kitufe cha Zima, na asubuhi hiyohiyo swichi za taa zikatoweka ukutani. Taa zikawa zinawaka tu, na mfagizi akazoea. Aliwazuilia kitufe cha kulia cha kipanya, na makarani wakawa hawawezi kupinda kulia. Msala ulikuwa upande wa kulia wa ukumbi, kwa hiyo mwenye haja alitoka mlango wa mbele, akalizunguka jengo lote kwa kushoto, akaingia kwa mlango wa nyuma. Wenye umri mkubwa walianza safari mapema. Mwisho fundi aliificha folda ya Vizazi ili isifutwe tena, na kabati la vitabu vya vizazi likafichika pamoja nayo. Hakuna aliyelalamika. Waraka ulikuwa umesema mabadiliko yatakuwepo.

Karani alipiga simu makao makuu.

"Nahitaji ruhusa ya kuona Vizazi," alisema. "Ndiyo kazi yangu."

"Jaza fomu ya kuomba ruhusa, mzee," alijibu fundi.

"Iko wapi?"

"Imo ndani ya folda ya Vizazi."

"Na wewe huwezi kunirudishia?"

"Naweza sana, mzee wangu. Nikishapata fomu."

Alimshukuru, kwa kuwa alijibiwa kwa adabu, akakata simu.

Jumatano asubuhi akaja fundi cherehani, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni na sindano mbili kwenye ukosi. Alikuwa anataka nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Binti alikuwa afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na majina yalikuwa yanafungwa Ijumaa adhuhuri. Asiye na uthibitisho wa kuzaliwa angengoja mwaka mzima.

"Cha kwanza kilikwenda wapi?" aliuliza karani.

"Nilikipiga pasi. Kilikuwa chini ya gauni la bibi harusi, sikukiona."

"Kikaungua?"

"Chote. Gauni lilitoka vizuri." Aliegemea kaunta. "Mzee, mwanangu amekwisha kaa mwaka mmoja nyumbani kwa ajili ya mguu. Mwaka wa pili hakai kwangu. Nitamleta akae hapa kwako."

"Siwezi kuliona kabati, mama."

"Si lile pale nyuma yako?"

"Ndilo."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Macho ninayo. Ruhusa ndiyo sina."

Mama alilipokea jambo hilo kama mtu aliyeambiwa dukani kwamba uzi wa kijani umekwisha. Aliinua kibao cha kaunta ili apite mwenyewe, lakini juu yake palikuwa na tangazo lililosema wananchi hawaruhusiwi kupita.

"Nani kaandika hili?"

"Mimi."

"Mwandiko mzuri."

"Asante," alisema karani, akakirudisha kibao mahali pake.

Walitazamana. Mmoja aliruhusiwa kuligusa kabati na hakuweza kuliona. Mwingine aliliona hadi kutu, na hakuruhusiwa kuligusa. Mama alivua futi shingoni, akaikunja mkononi kama anayeanza kazi.

"Geuka," alisema. "Hatua mbili mbele. Hapo. Mkono juu inchi nne. Nne, mzee, usiniongezee. Mimi kiuno cha mtu nakikadiria kwa jicho."

Karani alishika mpini baridi, akavuta. Mlango ulilia kama siku zote.

"Rafu ya pili. Hicho ni kiatu."

"Ni cha Shemeji."

"Kina soksi ndani. Wacha. Nenda kushoto. Hiyo chupa ya chai. Shuka. Hapo hapo, kitabu chenye mgongo mwekundu."

Karani alikitoa kitabu kwa mikono miwili. Kilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa macho yake mikononi hapakuwa na kitu. Karani wa ndoa, aliyekaa meza ya jirani, aliinua miguu kumpisha.

"Angalia usiniangushie," alisema, bila kuacha kuandika.

Kitabu kilitua juu ya kaunta kwa kishindo. Mama akafungua, akalowesha kidole, akatafuta mwaka, mwezi, kisha siku. Alisoma jina la mtoto herufi moja moja, jina la baba, jina lake mwenyewe na la mkunga. Karani aliandika yote kwenye barua ya uthibitisho, ile iliyotumika siku ambazo mashine hazifanyi kazi. Aliandika polepole, herufi zake zimesimama wima. Barua ya namna hiyo ilimalizika kwa sentensi moja tangu enzi za mtangulizi wake: Kumbukumbu hii nimeiona kwa macho yangu.

Kalamu ilisimama.

"Andika, mzee."

"Sijaiona."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si unanihurumia?"

"Nakuhurumia, mama. Lakini nimeiandika sentensi hii mara elfu kadhaa, na kila mara ilikuwa kweli. Nikidanganya leo, hata zile za nyuma zitatiliwa shaka."

Mama alimtazama kama anavyotazama kitambaa kizuri kilichokatwa vibaya. Akasema wahenga walidai macho hayana pazia, ila hao hawakuwahi kuajiriwa.

Wakati huo Shemeji alirudi kutoka kwenye chai. Seva ilikuwa imezimika kama kawaida yake, na skrini zote zilikuwa nyeusi. Alikiona kitabu juu ya kaunta, akasimama.

"Nani ametoa kitabu kabatini?"

"Mimi," alisema karani.

"Wewe huna ruhusa. Nitakuandikia onyo."

"Niandikie," alisema karani, "lakini kwanza nisaidie. Usome ukurasa huu, useme kama yaliyomo ni haya."

"Kazi ya vyeti ni ya karani. Mimi ni msimamizi."

Hapo mama aliingilia kati, kwa sauti ndogo ya mteja anayesifu.

"Kwani, shemeji yangu, na wewe hukioni hiki kitabu? Mzee hapa anasema ofisi nzima hakuna anayekiona."

"Wao," alisema Shemeji. "Mimi naona kila kitu."

"Hata mwandiko mdogo hivi?"

"Kila kitu."

"Mimi sidhani."

Shemeji aliinama, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, jina, tarehe, hadi mkunga, kisha akainuka kama mtu aliyebeba gunia. Karani alikuwa akifuata kwa kidole kwenye barua yake. Hapakuwa na kosa.

"Basi tia sahihi hapa kwamba umeona," alisema mama, "maana watu mtaani hawataniamini."

Karani akaiandika ile sentensi ya zamani, na Shemeji akatia sahihi kubwa kando yake, yenye mkia uliovuka ukurasa. Chini ya sentensi hiyo karani aliongeza kwa mkono wake: *Aliyeiona ni msimamizi. Mimi karani nimeibeba tu, kwa kuwa sina ruhusa ya kuiona, nikaisikia ikisomwa mara mbili.* Akatia sahihi yake pia, ndogo na nyoofu.

"Watakubali?" aliuliza mama.

"Ofisi ya mitihani nayo ina seva. Wataelewa."

Shemeji alikirudisha kitabu kabatini, akaweka chupa ya chai juu yake, akafunga mlango. Karani aliusikia.

Saa saba tarishi aliingia na waraka wa Mkurugenzi. Ulisema kwamba tangu Jumatatu hakuna karani aliyefuta kumbukumbu hata moja ya vizazi, kwa hiyo utaratibu ungeendelea, na folda za Ndoa na Vifo zingefuata wiki ijayo. Aya ya mwisho ilimpongeza Shemeji kwa uangalifu wake. Karani wa ndoa aliusoma, akachukua kalamu, akaanza kuchora kwenye karatasi mahali kabati lake lilipo, na umbali wake kutoka mezani kwa hatua.

Karani wa vizazi alikunja barua mara tatu. Aliitia ndani ya bahasha ya kaki, akapaka gundi, akaibana kwa kiganja hadi akahesabu ishirini, kisha akagonga muhuri pale bahasha inapofungana, nusu juu na nusu chini. Mama alikuwa bado amesimama kaunta.

"Hiyo unaiona?" aliuliza.

"Hii naiona," alisema karani, akaandika anwani ya ofisi ya mitihani, akamkabidhi tarishi, na tarishi akaenda nayo.