Chemchemi Iliyotiwa Kwenye Ramani

Muzaliwa alikuwa amewinda katika msitu ule tangu ujana wake, kabla haujaitwa hifadhi, na hapakuwa na mtu mjini aliyeujua kama yeye. Ndiyo maana kamati ya mji na hifadhi ilipoanza kupanga pamoja nani alime wapi na nani akate kuni wapi, aliwekwa mbele ya karatasi kubwa aonyeshe kila kijito.

Alionyesha vyote, akabakiza kimoja: chemchemi ya mto ambao mji mzima uliunywa. Changarawe yake ilikuwa na dhahabu. Aliigundua miaka ishirini nyuma, wala hakumwambia hata mkewe, Aïcha.

Falonne, ofisa wa hifadhi, aliliona pengo. "Baba Muzaliwa, huu muto unatoka wapi?"

"Unatoka juu."

"Juu wapi, baba? Kitu kisipokuwa kwenye ramani, hatuwezi kukilinda."

Alikuwa binti mwenye adabu, na alisema alichokiamini. Muzaliwa akachukua kalamu, akatia alama. Akawaambia na habari ya changarawe, ili walinzi wajue pa kukazia macho.

Chumbani walikuwamo watu kumi na wawili. Nani aliyeipiga picha ile ramani kwa simu, mpaka leo haijulikani. Baada ya miezi miwili pikipiki zikaanza kumiminika kutoka upande wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, zimebeba pampu na madumu ya mafuta, na wanaume wenye bunduki wakizisindikiza. Walinzi walikuwa sita tu. Mmoja aliuawa siku ya kwanza. Waliobaki wakarudi kambini.

Mto ukawa mwekundu kama udongo wa matofali. Watoto wakaanza kuhara. Djamali, jirani wa Muzaliwa, alizika wanawe wawili katika wiki moja. Hakumtupia Muzaliwa lawama. Aliacha tu kumsalimia. Aïcha, na magoti yake mabovu, akawa anatembea saa mbili kufuata maji.

Kamati ikaitwa tena. Falonne, aliyekuwa amekonda, akatandaza karatasi mpya.

"Baba, mutusamehe. Watu wanakufa. Iko maji mengine karibu?"

Yalikuwapo. Nyuma ya kilima, mwendo wa nusu saa, yalitoka chini ya mawe, baridi na safi, juu ya changarawe ileile. Muzaliwa alimtazama Djamali kwenye benchi la nyuma, akaona jinsi alivyomkodolea macho. Akazitazama simu zilizokuwa mezani.

"Hakuna," akasema.

Djamali akainamisha kichwa. Falonne akaandika.

Nyumbani alimkuta Aïcha mlangoni akijifunga kitenge, tayari kwa safari ya maji. Muzaliwa akalichukua dumu mkononi mwake, akashika njia ya mbali, ile ya saa mbili. Ya kilimani hakuthubutu kuishika. Huenda mtu angemfuata.